Mapazia ya Nyumba Tupu

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaptura sita leo. Uzi wa bluu umeisha tena. Nikaenda kwa Zuhura, ambaye anauza vifungo na nyuzi kwenye meza mbele ya chumba chake tangu tulipotolewa mjini. Akanipa uzi wa wiki nzima. Akaniuliza kama nimesikia neno lolote kuhusu kurudi. Sijasikia.

Cherehani imekaa kati ya kitanda na jiko. Kitambaa kikinuka mafuta ya taa mteja ananuna, na ana haki ya kununa. Huu ni mwaka wa pili nashonea chumbani Kaptembwa. Wateja wangu wa mjini wanasema huku ni mbali. Watu hao hao husafiri mpaka Nairobi kununua viatu.

Mchana nikapita nyuma ya soko kuangalia jengo. Limekwisha. Maduka chini, ghorofa nne za nyumba za kupanga juu yake, rangi ya maziwa na kahawia. Zuri, lazima niseme. Hapo ndipo lilikuwa duka la vitambaa la Mzee Kirpal, na kwenye varanda ya duka hilo nilikaa miaka kumi na tisa. Mimi na cherehani, Karanja na viatu vyake vya kushona, Zuhura na vifungo. Mtu ananunua kitambaa ndani, anatoka nje, nampima amesimama, anaenda zake sokoni, jioni anachukua nguo. Nusu ya Nakuru imevaa hivyo.

Varanda haipo. Ni kioo kutoka ukuta hadi ukuta, halafu barabara.

Kabla duka halijabomolewa Mzee alituita sisi watatu akasema jengo likiisha tutarudi, hata kama ni kona. Mwanawe Jaspal alikuwa amesimama hapo hapo. Mzee amekufa. Jaspal yuko hai, na masikio yake yote mawili yanafanya kazi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeenda kwa Jaspal. Sikubembeleza. Nilivaa ile suti yangu ya kijani na nikakaa kabla ya kukaribishwa.

Hakukana ahadi ya babake. Alisema milango iko wazi kwa yeyote, halafu akataja kodi ya duka moja. Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe. Hata sisi watatu tukiuza na figo hatufiki. Nikauliza na nyumba za juu, kwa kutaka kujua tu. Chumba kimoja na jiko, kodi ya mwezi mmoja ni yangu ya miezi minne huku. Na utangulize ya miezi mitatu ndipo upewe ufunguo.

Ajenti wake wa Nairobi amemwambia watu wa Nairobi wanahamia Nakuru kwa wingi na hizo ndizo bei zao. Labda. Mimi sijawaona.

Jaspal si mtu mbaya. Kaptura yake ya kwanza ya shule niliipinda mimi, na akimkimbia babake alikuwa akijificha chini ya meza yangu. Sasa ana benki inayompigia simu kila wiki na macho yake yamekuwa mekundu. Lakini hakuniangalia usoni hata mara moja, na hilo limeniuma kuliko bei. Nilitoka kichwa juu. Nilipofika stendi kikashuka.

Jumanne, 14 Oktoba

Jaspal amepiga simu. Nikajua ni nafasi yetu.

Ni mapazia.

Nyumba kumi na sita zinatazama barabara, na aliyehamia ni mmoja tu, daktari wa meno. Ajenti amesema jengo tupu linatisha watu. Kwa hivyo anataka mapazia madirisha yote ya mbele, lionekane lina wenyewe, na wengine watafuata. Madirisha thelathini. Akaniomba nisimwambie mtu kwamba nyuma ya mapazia hakuna kitu. Halafu akasema, kwa ile sauti ya mtu anayetafuta funguo mfukoni, kwamba kazi ikiwa nzuri tutaongea mambo ya nafasi chini.

Nimekubali. Pesa yenyewe ni nzuri, lakini nimekubali kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho. Niandike ukweli angalau hapa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumegombana kabla hata sijakata kitambaa. Yeye alitaka rangi moja, ile ya mchanga, madirisha yote. Nikamwambia madirisha thelathini ya rangi moja ni hospitali. Kila nyumba ina mama mwenye macho yake. Mtu akipita barabarani atajua mara moja kwamba huo ni mchezo.

Nikamkumbusha marobota ya babake yaliyobaki stoo. Alikuwa ameyasahau. Tukafungua. Vumbi, panya mmoja, na vitambaa ambavyo hakuna anayevileta tena mjini. Damaski nyekundu. Maua ya waridi makubwa kama sahani. Kijivu cha mistari. Mzee alikuwa na jicho. Nilimkumbuka hadi nikalazimika kutoka nje kidogo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Kila mtu amepumzika, mimi nashona.

Nimebuni wapangaji. Siwezi kushonea dirisha lisilo na mtu, mkono unakataa. Ghorofa ya tatu kushoto wamekaa waliooana juzi. Damaski nyekundu na lesi ya dhahabu, mke amechagua bila kumuuliza mume. Chini yao kuna karani wa benki, kijivu, vipindo vimenyooka kama rula. Ghorofa ya nne pembeni yuko nyanya mmoja wa Olenguruone aliyeletwa mjini na watoto wake, hapendi, anataka waridi na shia nyeupe, yale mapazia mepesi ya ndani, ili aone nje bila kuonekana. Huyo nimemfahamu vizuri sana. Ni mama yangu.

Na nyumba moja ghorofa ya kwanza nimewapa vijana wawili wasio na wake. Pazia halifiki mwisho wa dirisha, upande mmoja umefungwa fundo. Nilishona makosa hayo kwa uangalifu kuliko mengine yote. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumetundika yote. Barasa, keyateka anayetunza jengo, alinishikia ngazi siku mbili. Ni mtu mpole, funguo zimejaa kiunoni, anatembea akilia kama ng'ombe mwenye kengele.

Jioni nikavuka barabara nikasimama mbele ya duka la mbegu nikaangalia. Madirisha thelathini, na kila moja lina mtu wake. Watu walikuwa wanainua macho. Mama mmoja akamwonyesha mwenzake lile la damaski.

Nimeshona tangu nikiwa msichana. Sare, magauni ya harusi, suti za mazishi. Vyote vinaondoka mlangoni na sivioni tena. Hii ni mara ya kwanza kazi yangu inatazamwa na mji mzima, na haiondoki. Nimejivunia mpaka nikaona haya, halafu nikaacha kuona haya.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani nimeshindwa kujizuia. Baada ya ibada nikawaambia kina mama kwamba mapazia ya lile jengo jipya ni ya mkono wangu. Hilo halikuwa siri. Wakanisifu vizuri, nikanywa sifa zote.

Kisha mmoja akauliza, kwani limejaa tayari? Na mwingine, hao wenye pesa za kuishi pale ni kina nani? Wote wakanigeukia.

Nikasema naona watu wanaingia.

Uwongo mtupu, hatua kumi kutoka mlango wa kanisa. Chakula cha mchana hakikuwa na ladha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepita jengoni kuuliza mambo ya nafasi. Jaspal hayupo, yuko Nairobi na ajenti. Barasa amenikaribisha chai.

Amesema jambo ambalo limekaa kichwani mwangu jioni yote. Zamani, kabla ya mapazia, kwa siku walikuwa wanakuja watu watano, sita kuulizia nyumba. Wanasikia bei, wanashtuka, wanaondoka. Angalau walikuja. Tangu nitundike, hajauliza mtu hata mmoja. Ameanza kufikiri jengo lina mkosi.

Nilimwambia ni mwezi tu mbaya. Sikuamini nilichosema.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeona kwa macho yangu.

Nilikuwa mbele ya duka la mbegu. Mwanamume na mke wake wanatembea polepole, shingo zimeinuka, kila jengo wanalihesabu madirisha. Nilijua mara moja wanachofanya kwa sababu nami nimefanya hivyo mara tatu maishani. Hivyo ndivyo tunavyotafuta nyumba hapa. Hakuna anayesoma bango. Unatembea ukitazama juu, na dirisha lisilo na pazia ndilo linakuambia njoo uulize. Walipofika kwetu mume akasema, hapa pamejaa. Wakapita. Hata hatua hawakupunguza.

Pamejaa. Nimepajaza mimi. Nimewajaza waliooana juzi na karani na nyanya na vijana wawili, na walio hai wakapita.

Ajenti wa Nairobi hakujua. Jaspal alizaliwa katika nyumba ya babake, hajawahi kutafuta nyumba kwa miguu. Lakini mimi? Mimi nilijua toka zamani na sikufikiri hata dakika moja, kwa sababu nilikuwa nimependa mapazia yangu. Nimejikasirikia sana.

Jumanne, 11 Novemba

Karanja amepiga simu. Amepata kibanda Njoro, karibu na stendi. Amesema amepita mjini akaona jengo limejaa mpaka juu, hivyo ile ahadi ya Mzee haina tena pa kutimizwa, na yeye magoti yake hayawezi kungoja. Atalipa kibanda mwisho wa mwezi. Zuhura anafikiria kwenda naye, wagawane.

Nikamwambia angoje. Akauliza angoje nini. Miaka kumi na tisa tumekaa ubavu kwa ubavu, nimemshonea mkewe sanda, na nimeshindwa kumwambia neno moja la kweli kwa sababu ya maneno ya Jaspal kuhusu nafasi chini.

Wakienda Njoro nitarudi mjini na nani? Hata nikipewa duka la dhahabu. Na Januari iko mlangoni, msimu wa sare. Nikiukosa tena nikiwa chumbani, nitaanza kushona viraka.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Jaspal, suti ya kijani tena. Nimemwambia yote mara moja, kabla ya ujasiri kupoa.

"Mtu wa hapa akitafuta nyumba haangalii bango," nilisema. "Anatembea akiangalia madirisha. Penye hakuna pazia, hapo ndio anaingia kuuliza. Sisi tumewafungia."

Kisha nikaongeza la pili, ambalo labda ningeliacha kwa siku nyingine. Nikamwambia hata wakiingia watatoka, kwa sababu bei si ya watu wa hapa. Hapo akawaka. Ajenti ana jina kubwa Nairobi. Benki haitaki hadithi za madirisha. Nikishusha bei, akasema, wataniona nimeshindwa, watakuja kuchukua jengo lote na hata wewe utakosa pa kuuliza.

Halafu akasema, bila kelele, "Mama Chebet, wewe ni fundi. Uliambiwa ushone, umeshona, umelipwa."

Ni kweli. Ndiyo sababu imeniuma. Nilimjibu kwamba nitamwambia Karanja na Zuhura ukweli, wengine sitawaambia. Akainua mabega.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimewaambia. Zuhura alicheka mpaka akaketi chini, hasa alipojua vijana wawili hawapo, maana alikuwa amewakasirikia kwa uchafu wao. Karanja hakucheka. Aliuliza kwa nini sikumwambia siku ile kwenye simu. Nikamwambia niliogopa kukosa nafasi. Akasema sawa. Atangoja mpaka tarehe thelathini, zaidi ya hapo hapana.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefanya hila. Nimempigia Jaspal nikamwambia vitambaa vya zamani hulegea vikitundikwa, vimevutika, vipindo vimeshuka, na fundi mwenye jina hawezi kuacha kazi hivyo mbele ya mji mzima. Nataka niteremshe ya ghorofa ya pili na ya tatu, niyapinde upya, siku chache tu. Bila malipo. Akasema fanya.

Vipindo vyangu havijashuka hata unywele. Huu ni uwongo wa pili. Wa kwanza ulinitia aibu, huu haunitii.

Jumatano, 19 Novemba

Tumeteremsha. Barasa alishika ngazi na hakuuliza swali, ila alitabasamu. Nyumba nane ziko uchi sasa, madirisha kumi na tano, ukihesabu na lile dogo la ngazi. Nimefungua na vioo hewa iingie.

Nikiwa bado juu ya ngazi, mwanamke mwenye sare ya hospitali akapaza sauti kutoka chini, akauliza kama kuna nyumba. Nilitaka kuimba.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ndefu. Niandike kabla sijasahau.

Tangu Jumatano wamekuja watu thelathini na zaidi, Barasa amechoka miguu. Leo Jumamosi ndio walijaa. Jaspal alikuja saa nne, amekasirika, amesikia mapazia hayajarudi. Alitoka garini akinitafuta. Hakunifikia. Walimzunguka mlangoni, kwa sababu walijua kwa kumwona tu kwamba ndiye mwenye jengo.

Nilikuwa kwenye ngazi na nimeona yote. Barasa anawapeleka juu, wanashuka wameng'aa macho, wamependa maji, wamependa vigae, wamependa jua la asubuhi. Kisha bei. Nyuso zinazimika. Mwalimu na mkewe. Mzee wa Mau Narok, mkulima wa viazi, anayetaka chumba cha binti zake wawili walio chuoni, tena alikuja na pesa ndani ya soksi, akageuka na soksi yake. Yule mama wa hospitali alirudi na dadake, wamepanga kugawana nyumba ya vyumba viwili, na hata kwa kugawana wamekosa. Yeye ndiye aliyemwambia. Bila hasira, kama anauliza saa.

"Boss, nyumba ni safi sana. Lakini ni ya watu kuishi ama ni ya kuangalia?"

Jaspal alisimama pale mpaka saa nane. Hakula. Aliwauliza wengine maswali, wanafanya kazi wapi, wanaweza kulipa ngapi, na walimjibu wazi kwa sababu watu wa hapa wakiulizwa vizuri hujibu vizuri. Hakunitafuta tena. Alipoondoka alipita karibu yangu akasema mapazia yakae chini kwanza.

Nilijivunia nini leo? Si kazi ya mikono. Nilijivunia kwamba nilijua mji wangu.

Jumapili, 23 Novemba

Nimewaambia kina mama kanisani kwamba niliwadanganya. Walishangaa kidogo tu. Wawili wakauliza kama nyumba bado ziko.

Jumanne, 25 Novemba

Jaspal ameniita. Ameonekana kulala vizuri kidogo. Amekwenda benki na majina ya wale wote waliokuwa tayari kulipa kitu, na watu wa benki wanamsikiliza. Nyumba zilizojaa kwa bei ya hapa zinawafaa kuliko nyumba tupu kwa bei ya Nairobi. Ajenti amekasirika, ameondoka. Nilifurahi, sikuonyesha.

Kisha akaniambia kuna nafasi chini ya ngazi, ndogo, ina dirisha. Niichukue. Miezi sita bila kodi, ni shukrani. "Lakini usiambie hao wengine," akasema. "Kila mtu atakuja kuomba ya bure."

Nilitamani. Ni lazima niandike hivyo. Niliiona cherehani yangu pale, niliona na mahali pa kutundika koti.

"Siri moja imenitosha, Jaspal," nilimwambia. "Tupe bei yenye inalipika, sisi watatu, na uiandike mlangoni kila mtu aone."

Akasema sina habari jinsi ninavyomsumbua. Nikasema ninayo. Nikaondoka, na nilikuwa nimefika sokoni ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimekataa miezi sita ya bure. Mwanamke mwenye akili hawezi kufanya hivyo.

Ijumaa, 28 Novemba

Jaspal hajapiga simu. Kesho kutwa ni tarehe thelathini. Karanja amefunga masanduku yake ya misumari na gundi kwa kamba. Leo nimeharibu mikono miwili ya shati. Nimekosea upande, mimi, na miaka yangu yote.

Kama ningechukua ile ya chini ya ngazi ningekuwa nimehama tayari. Nimeliwaza mara nyingi sana leo. Kila mara najibu vilevile na kila mara jibu linaniudhi.

Jumapili, 30 Novemba

Barasa amenitumia picha kwenye simu. Karatasi imebandikwa kwenye kioo cha mlango mkubwa. Kodi za nyumba zote, chumba kwa chumba, zimeandikwa kwa kalamu nzito, zimeshuka vizuri, na anayetaka anatanguliza mwezi mmoja tu. Chini kabisa, kwa mkono wa Jaspal, duka la mwisho la pembeni litagawanywa mara tatu. Kila fungu na bei yake. Bei yenye nitaumia kidogo, lakini nitalipa.

Nimempelekea Karanja simu mwenyewe, mkononi, nikitembea haraka mpaka nikakosa pumzi. Alisoma mara mbili. Akafungua kamba.

Nimelia. Sio kidogo.

Jumamosi, 6 Desemba

Tumehamia leo. Juu bado sijafika. Hata kwa bei mpya chumba kimoja kinanishinda, na jioni nimerudi Kaptembwa kama kawaida. Mwalimu na mkewe wameingia ghorofa ya pili. Mama wa hospitali na dadake wanaingia wiki ijayo. Wale binti wawili wa mkulima wa Mau Narok nimewaona wakipandisha godoro, mmoja mbele mmoja nyuma, wakigombana.

Karanja alichora mistari kwa chaki sakafuni. Nafasi tatu: ukutani, katikati, mlangoni. Mlangoni ndipo pa maana, pana mwangaza na mteja anakuona kabla hajaona mwingine. Zuhura akasema mlangoni ni pa Mama Chebet. Karanja akaitikia. Mwanamke mwenye adabu angekataa angalau mara mbili kwanza. Sikukataa hata mara moja. Nilipataka, nikasukuma cherehani mpaka pale nikakaa.

Mpaka saa saba hakuna mteja. Manyunyu kidogo, kisha jua.

Saa nane akaja mama mmoja na mtoto wa kike. Alisimama nje ya kioo, mguu mmoja barabarani, akalitazama jengo mpaka juu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hapa watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingia.

Nilimwambia aingie. Sketi moja na blauzi mbili. Anachukua Jumanne.